Shahidi wa Mfukoni

Zamani shahidi alikuwa mtu. Alikuja mbele ya kadhi au hakimu kwa miguu yake, akaapa, akasema aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa masikio yake, kisha akarudi kwake. Alipokuwa mkweli haki ilisimama. Alipokuwa mwongo haki iliyumba mpaka apatikane mwingine wa kuitegemeza. Udhaifu wake ulijulikana: aliweza kusahau, kuogopa, kupendelea, hata kuhongwa. Walakini alikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba aliweza kuulizwa. Wakili alimkabili uso kwa uso, akamchimba kwa maswali, na sauti yake ilipotetemeka baraza zima lilisikia.

Siku hizi amezaliwa shahidi wa namna nyingine. Hana miguu wala ulimi. Chakula chake ni umeme, na malazi yake ni chini ya mto wa mwenyewe. Shahidi huyo ni simu ya mkononi. Hapana ndugu wala rafiki amjuaye mtu kama simu yake imjuavyo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika zama hizi mtungi ni moyo wa mwanadamu, na kata ni simu: huzama moyoni kila saa, ikateka kidogo, ikaweka akiba. Watu wagombanapo juu ya deni, mirathi, ajira, ndoa au heshima, hutazama upande wa kata hiyo na kuuliza imeteka nini.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Simu haisemi yenyewe, husemeshwa. Shahidi wa kale aliweza kumsahihisha wakili aliyemwelewa vibaya, bali simu haiwezi. Isemeshwapo kwa pupa hutoa nusu ya neno. Isemeshwapo kwa hila hutoa uongo wenye sura ya kweli. Kwa sababu hiyo thamani ya ushahidi wa simu haimo katika simu peke yake. Imo pia katika mkono ulioukusanya, na mkono huo ukiwa mchafu hata maji safi huchafuka.

Yaliyomo katika simu moja ni mengi kupita kiasi. Yamo maneno yaliyoandikwa na saa yalipoandikwa. Majina ya waliopigiwa na muda wa mazungumzo yao. Njia zilizopitwa, fedha zilizotumwa, na maswali yaliyoulizwa intaneti usiku wa manane. Mengine mwenye simu huyajua, mengine hayajui. Picha ya mtoto achekaye uwanjani yaweza kubeba ndani yake, pasipo kuonekana, tarehe, saa, aina ya simu na mahali hasa mpigaji aliposimama. Mwaka 2014, katika shauri la Riley dhidi ya Jimbo la California, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba polisi amkamataye mtu hawezi, isipokuwa kwa dharura, kuyapekua yaliyomo katika simu yake mpaka apate hati ya mahakama. Mifuko ya aliyekamatwa iliweza kupekuliwa bila hati. Lakini simu, ingawa hukaa mfukoni, haikuhesabiwa kuwa kitu cha mfukoni tu. Jaji Mkuu John Roberts aliandika, kwa mzaha wenye maana, kwamba mgeni kutoka sayari ya Mars angeweza kudhani simu ni kiungo cha mwili wa binadamu.

Faida ya shahidi huyu si ndogo. Desemba 2017, katika mahakama ya Croydon, kusini mwa London, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa kizimbani kwa mashtaka mazito ya kumdhulumu mwanamke. Alikuwa ameishi chini ya dhamana karibu miaka 2, jina lake limechafuka, masomo yake yamening'inia, na gereza likimngoja. Kesi ilikuwa imekwisha kuanza wakati wakili mpya wa upande wa mashtaka alipotaka kumbukumbu za simu ya mlalamikaji zikabidhiwe. Zilikuwako tangu zamani mikononi mwa polisi: ujumbe kiasi cha 40,000. Uliposomwa ulionekana kupingana na shtaka, na kesi ikafa papo hapo. Polisi wa London waliomba radhi baadaye. Hapakuwa na simu iliyosema uongo katika habari hii. Simu ilikuwa imesema kweli muda wote. Aliyekosekana ni mtu wa kuisikiliza hadi mwisho na kuyafikisha maneno yake kwa yule yaliyemhusu. Sifa ya kesi hiyo ni ya wakili aliyekuwa na kazi ya kumtia kijana hatiani, akaona kazi yake ya kwanza ni kutafuta haki.

Sasa, kazi hii ya kukusanya hufanywaje? Ugumu wake wa kwanza ni kwamba simu haitulii. Barua ikitiwa sandukuni leo, baada ya miaka 10 itakutwa na maneno yale yale, labda imeliwa pembeni na mchwa. Simu iliyolala mezani haiko hivyo. Hupokea, hutuma, hupanga upya, na hufuta. Katika programu ya WhatsApp watu waweza kuagiza ujumbe wao utoweke wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Mwenye simu iliyochukuliwa aweza kuketi mbali kabisa, akatuma amri ya kufuta kila kilichomo. Basi mkusanyaji mwenye ujuzi hutangulia kuikata simu na dunia. Huifungia mawasiliano yake yote, au huitia katika mfuko uliofumwa kwa nyuzi za madini ambao mawimbi ya redio hayapenyi. Tena huchunga isizimike ovyo, maana simu iliyozimika yaweza kudai namba ya siri kabla ya kuufungua tena mlango wake. Hao wenye shauri, tangu siku wanapotambua kwamba mgogoro unakwenda mahakamani, wana wajibu wa kusimamisha kila ufutaji, hata ule ujifanyao wenyewe. Kusema "ilijifuta" si kinga kwa mtu aliyeweza kuizuia isijifute.

Ugumu wa pili ni kwamba haifai kusoma katika asili. Kila kidole kigusacho kioo hubadili kitu: ujumbe ambao haujasomwa huwa umesomwa, na saa ya mwisho ya kufunguliwa huandikwa upya. Kwa hiyo hufanywa nakala, na nakala ndiyo isomwayo. Nakala nyingine huchukua yale tu ambayo simu iko tayari kuyatoa. Nyingine huchimba zaidi, zikaleta hata mabaki ya yaliyofutwa. Nakala ikisha, kompyuta huipitia yote tangu mwanzo hata mwisho kwa kanuni ya hesabu, ikatoa mfuatano wa alama. Kwa kanuni iitwayo SHA-256 alama hizo ni 64. Nukta moja ikiongezwa au ikipunguzwa katika nakala, hesabu ikirudiwa hutoa mfuatano mwingine kabisa. Mfuatano huo ni kama lakiri juu ya waraka wa mfalme: hauelezi kama maneno ya ndani ni ya kweli, lakini hutoboa siri kama mtu amefungua akaongeza lake. Pamoja na lakiri hiyo huandikwa daftari la makabidhiano: nani alipokea simu, kwa nani, siku gani, saa ngapi, akaiweka wapi, akampa nani. Daftari likiwa na pengo la siku moja, wakili wa upande wa pili hupenya katika pengo hilo kama panya apenyavyo katika ghala.

Ugumu wa tatu ni wa maana ya yaliyopatikana, na hapa wengi huteleza. Saa, kwa mfano, huonekana jambo jepesi. Lakini simu na programu nyingi huandika ndani saa moja ya dunia nzima, kisha humwonyesha mwenyewe saa ya nchi alipo. Ujumbe ulioandikwa Dar es Salaam saa saba usiku wa kuamkia Jumanne waweza kuonekana katika kumbukumbu za ndani kuwa ni wa saa nne usiku wa Jumatatu, kwa sababu Dar es Salaam imeitangulia saa hiyo ya dunia kwa saa 3. Asiyejua tofauti hii aweza kumweka mtu mahali asipokuwapo, katika siku isiyo yake. Tena Mswahili huhesabu saa zake tangu macheo na machweo. Aliyeandika "tukutane saa mbili asubuhi" alikusudia wakati ambao kioo cha simu yake kiliandika 8:00. Mfasiri mgeni akiuhamisha ujumbe huo neno kwa neno, akaandika 2:00, mkutano wa wafanyabiashara waliotoka kunywa chai utageuka njama ya usiku wa manane.

Vivyo hivyo kwa ujumbe uliofutwa. Kufuta si kuangamiza daima. Mara nyingi programu huondoa jina katika orodha na kuacha maneno mahali pake mpaka yafunikwe na mengine, kama kaburi lisilo na alama. Kwa hiyo kila saa simu inapoendelea kutumiwa hufukia yaliyopita. Katika simu nyingi za siku hizi maneno hufungwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo ukipotea hapana fundi wa kuyarudisha. Lakini mazungumzo yana ncha mbili. Aliyefuta katika simu yake hakufuta lazima katika simu ya mwenzake, wala katika akiba iliyokwisha kupelekwa kwenye kompyuta za mbali. Mtu hukata kamba upande wake, akasahau kwamba upande wa pili imefungwa kwenye mti.

Na picha ya kioo cha simu, ambayo watu wengi huileta mahakamani kwa furaha wakidhani wameleta ngao ya chuma, ni ushahidi mnyonge ikilinganishwa na nakala kamili. Haionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata. Jina lililo juu ya mazungumzo ni jina ambalo mwenye simu alichagua kuliandika. Akipenda aweza kuandika jina la adui yake juu ya namba ya rafiki yake, wakatukanana kwa mapatano. Picha yaweza kuwa ya kweli, na nyingi ni za kweli. Lakini ukweli wake huhitaji msaada wa simu yenyewe.

Hapana shauri lililouonyesha ulimwengu uzito wa mambo haya kwa wazi zaidi ya lile la Rebekah Vardy na Coleen Rooney, lililosikilizwa katika Mahakama Kuu mjini London, Mei 2022. Wote wawili ni wake wa wachezaji mashuhuri wa mpira wa Uingereza. Coleen Rooney aliona habari za faragha alizoweka kwa marafiki wachache katika ukurasa wake wa Instagram zikitokea katika gazeti la The Sun. Akatega mtego. Akawazuia wote wasione sehemu fulani ya habari zake isipokuwa mwenye ukurasa mmoja, kisha akaweka humo habari za kubuni, mojawapo ikiwa kwamba chumba cha chini cha nyumba yake mpya kimeingia maji. Habari hizo zikatokea gazetini. Tarehe 9 Oktoba 2019 akautangazia umma kwamba ukurasa ule ni wa Rebekah Vardy. Huyu alikana, akafungua madai ya kashfa mwaka 2020.

Tangu hapo shauri likawa shauri la simu. Swali lilikuwa moja: Rebekah Vardy na wakala wake waliandikiana nini? Majibu yalikuwa katika WhatsApp ya wawili hao. Kutoka upande wa Rebekah Vardy mazungumzo yalitoka yakiwa maandishi, lakini picha na sauti zilizokuwa ndani yake hazikuwapo. Ikaelezwa kuwa zilipotea wakati wa kuhamishwa. Simu ya wakala ingeweza kuliziba pengo hilo. Basi Agosti 2021, muda mfupi baada ya suala la kuichunguza simu hiyo kufika mahakamani, wakala alikuwa mapumzikoni Scotland, katika chombo baharini. Ikaelezwa kwamba alikuwa akipiga picha za pwani, wimbi likapiga chombo, simu ikamponyoka, ikazama katika Bahari ya Kaskazini.

Chombo huyumba na mikono huteleza; kila mvuvi ajua. Simu iliyozama ingeweza kuwa msiba tu. Lakini hakimu hapimi tukio moja mbali na mengine. Hukusanya picha zilizopotea hapa, simu iliyozama kule, na siku mambo hayo yalipotokea, akauliza kama bahati mbaya inaweza kuwa na mpango mzuri namna hiyo. Tarehe 29 Julai 2022 Jaji Karen Steyn alitoa hukumu. Kwa kipimo cha mashauri ya madai, yaani lipi lina uwezekano zaidi, aliona kwamba Rebekah Vardy alifuta mazungumzo yake kwa makusudi, na kwamba wakala aliitupa simu baharini kwa makusudi, ingawa Rebekah Vardy alikana. Dai la kashfa likaanguka, kwa kuwa maneno ya Coleen Rooney yalionekana kuwa ya kweli kwa sehemu yake kubwa. Baadaye mdai aliamriwa kulipa 90 katika kila 100 ya gharama za mwenzake, tena kwa kipimo kikali, na kuharibiwa kwa ushahidi kulikuwa miongoni mwa sababu za ukali huo.

Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Aliyetaka simu inyamaze aliipa sauti kubwa kuliko iliyokuwa nayo. Kama ingefika mezani kwa wachunguzi, labda ingetoa ujumbe wa kuaibisha kidogo na mwingine wa kusaidia. Mawakili wangebishana juu ya maana yake, na pengine shaka ingemfaa mdai. Chini ya bahari haikuweza kumsaidia mtu yeyote. Mahali palipokuwa na maneno pakawa na ukimya, na ukimya ukasikilizwa.

Wala sheria hii ya kusikiliza ukimya si changa. Mwaka 1722, papo hapo London, mtoto mmoja mfagia dohani aliokota kito. Akakipeleka katika duka la sonara aitwaye Delamirie ili kithaminiwe. Mwanafunzi wa sonara akajifanya anakipima, akayachomoa mawe yake ya thamani, kisha mtoto akapewa bei ya senti chache. Mtoto akakataa, akataka kito chake. Akarudishiwa kikuba kitupu kisicho na mawe. Shauri likafika kwa Jaji Mkuu Pratt. Mawe hayakuonekana tena, na hakuna aliyeweza kusema yalikuwa bora au hafifu. Jaji akawaagiza wazee wa baraza kwamba madhali sonara hakuyaleta mawe yakaonekana, wayahesabu kuwa ya daraja la juu kabisa, na alipe thamani hiyo. Kwa hukumu hiyo mtoto mweusi wa masizi alimshinda tajiri, na kanuni ikasimama ambayo haijaanguka: aliyeficha kipimo hana haki ya kulalamika kwamba amepimiwa vikali. Karibu miaka 300 imepita kati ya kito na simu. Vitu vimebadilika, tamaa ya kuchomoa mawe haikubadilika, na jibu la haki halikubadilika.

Hata hivyo haki ina ukingo wa pili, na mtu atazamaye mmoja tu huanguka katika mwingine. Ikiwa kuficha ushahidi ni dhuluma, kuchukua kupita kiasi ni dhuluma pia. Baada ya fadhaa ya Croydon, polisi wa Uingereza na Wales walianza, Aprili 2019, kuwapa walalamikaji fomu za kuwaomba ridhaa ya kuchukuliwa data za simu zao. Waliolalamika kwamba wamebakwa walikuwa miongoni mwao. Mtu aliyekwisha kuvuliwa heshima mara moja alijiona anaambiwa avuliwe mara ya pili, safari hii maisha yake yote: barua za mama yake, picha za watoto, maradhi yake, sala zake na upuuzi wake. Kukataa kuliweza kulihatarisha shauri lake. Baada ya manung'uniko mengi fomu hizo ziliondolewa mwaka 2020. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kuichungulia simu ya mlalamikaji si jambo la kufanywa kwa desturi. Sharti iwepo sababu ya haki ya kutazamia kitu fulani humo. Sharti iulizwe kwanza kama sehemu ndogo, ya tarehe fulani na mtu fulani, yatosha. Na mwenye simu aelezwe yatakayofanywa. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza likatunga sheria juu ya simu zitolewazo kwa hiari kwa polisi, nayo hudai kwamba uchukuaji uwe wa lazima na wa kiasi.

Hukumu hizo zikitazamwa juu juu huonekana kupingana na kisa cha simu iliyozama. Moja yasema toa; nyingine yasema usichukue. Kwa kweli ni amri moja yenye pande mbili. Anayedaiwa ushahidi atoe unaohusika wote, hata umchomao. Anayekusanya achukue unaohusika tu, hata kama mlango umeachwa wazi. Simu si ya mtu mmoja kama ionekanavyo. Ndani yake wamo wengine ambao hawakumshtaki mtu wala hawakushtakiwa: dada aliyeeleza mimba yake kabla ya kumwambia mumewe, rafiki aliyekopa kwa aibu, mzee aliyetuma picha ya dawa zake ili asomewe maandishi. Hao hawana wakili katika chumba cha uchunguzi. Wakili wao ni dhamiri ya mkusanyaji, na kama hana dhamiri hawana kitu.

Mambo haya si ya London peke yake. Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, nayo hupokea ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, lakini humwamuru hakimu apime jinsi ulivyoundwa, ulivyohifadhiwa na ulivyopelekwa, jinsi uzima wake ulivyolindwa, na jinsi mtumaji wake alivyotambuliwa. Kenya nayo, katika sheria yake ya ushahidi, hudai hati ya kuthibitisha jinsi kumbukumbu za kielektroniki zilivyotolewa na kwa chombo gani. Katika nchi ambazo mkopo, mahari, kodi ya nyumba na bei ya mahindi hupatanwa kwa ujumbe na hulipwa kwa simu, kanuni hizo si pambo la vitabu. Mjane adaiye shamba, na kibarua adaiye mshahara, huenda hana karatasi hata moja. Ushahidi wake wote umo katika simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka. Akifundishwa mapema asifute, asiuze, asimpe fundi aisafishe, na asitegemee picha za kioo tu, amepewa nusu ya haki yake kabla ya kumwona wakili.

Mkusanyaji wa ushahidi wa namna hii, basi, ni mtu wa aina gani? Ujuzi wa mitambo wamhusu, lakini ujuzi waweza kununuliwa. Kinachomhusu zaidi ni tabia tatu. Ya kwanza ni upole wa mkono: aguse kidogo, abadilishe kidogo, na akibadilisha aandike. Ya pili ni haya: aonapo lisilomhusu apite kama mpita njia apitavyo dirisha la watu lililo wazi. Ya tatu ni ujasiri: akute lililo baya kwa aliyemwajiri, naye alilete mezani pamoja na lililo zuri. Tabia ya kwanza hulinda kitu, ya pili hulinda watu, ya tatu hulinda haki. Mtu mwenye mbili na asiye na moja hafai.

Simu ile ya Bahari ya Kaskazini haikuletwa mbele ya mahakama. Maji ya chumvi yamekwisha kuila shaba yake, na ujumbe uliokuwamo hautasomwa na mtu. Lakini kila aliyelisikia shauri lile alijifunza kwamba kina cha bahari hakitoshi kuificha nia. Kijana wa Croydon naye alijifunza, kwa miaka 2 ya maisha yake, kwamba kweli yaweza kulala katika kabati kavu, salama salimini, na bado isimfae mwenyewe kwa kukosa mtu wa kuinyanyua. Kati ya bahari na kabati ndipo asimamapo mkusanyaji wa ushahidi. Akiwa mwaminifu, shahidi asiye na ulimi husema. Akiwa si mwaminifu, hata mashahidi elfu arobaini hunyamaza.